Springi ya dola 9: kisa cha Browning Hi-Power ya mwaka 1971

Shemeji yangu alinipigia simu Alhamisi usiku akiwa ameshaamua. "Shemeji, hii bastola imenichosha. Kila nikienda kupiga shabaha inakwama. Nimepata fundi, ataichonga upya yote. Jumatatu nampelekea arbuni."

Nikamuuliza kazi yenyewe ni ipi. Akanisomea kutoka kwenye karatasi: kukata slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele kila mlio, ili iwekwe alama mpya za kulengea, kuchonga mteremko unaopandisha risasi kwenye chemba, kuchomelea kipande cha chuma nyuma ya fremu ili nyundo isimbane mkono, kuondoa sefti ya magazini (kipini kinachozuia bastola isifyatuke magazini ikiwa nje), kisha kuipaka nikeli bastola nzima. Jumla dola 1,350, na kusubiri miezi 5. Bastola yenyewe aliinunua dola 950.

Nilimwomba kitu kimoja tu: asitoe hata senti kabla sijaiona. Akakubali, ila kwa shingo upande.

Ameniruhusu nikiandike kisa hiki mradi nisimtaje jina. Ninakiandika kwa sababu hapa Texas nimeona ndugu zetu kadhaa, Watanzania, Wakenya na Wakongo, wakinunua bastola za zamani za chuma kitupu kwa mapenzi ya kweli, kisha wakazipeleka moja kwa moja kwenye mashine. Mimi si fundi wa bunduki mwenye leseni. Ni mkereza vyuma. Kazi niliianzia karakana ya Tanga na sasa naifanya Fort Worth. Ninachokijua vizuri ni chuma, na chuma kilichokwanguliwa hakirudishwi.

Jumamosi asubuhi alikuja nyumbani. Tukatoa magazini kwanza, tukavuta slaidi, nikachungulia chemba, nikatia na ncha ya kidole kuhakikisha, naye akafanya vivyo hivyo baada yangu. Ndipo nikaiweka juu ya taulo mezani.

Namba yake inaanza na 71C. Kwa Hi-Power za miaka ile, tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka na herufi C ndiyo alama ya aina hiyo ya bastola, kwa hiyo hii ilitoka kiwandani FN, Herstal, karibu na Liège huko Ubelgiji, mwaka 1971. Nyundo yake ni ile ya mviringo yenye tundu katikati, ambayo miaka hiyohiyo ya mwanzoni mwa muongo wa 1970 ilianza kuachwa ikaletwa yenye mkia. Mbao za mshikio ni za mjozi, zimechorwa miraba midogomidogo, na upande wa kulia miraba imelainika pale vidole vya mwenye nayo wa kwanza vilipokuwa vinalala. Rangi yake nyeusi yenye ubluu imekwanguka kwenye ncha ya mtutu, dalili kwamba iliingia na kutoka kwenye mkoba wa ngozi kwa miaka mingi. Kwingineko rangi ni nzito, ina kina, kama maji ya kisima jioni. Herufi zote zinasomeka, kona zote bado kali.

Shemeji ni mtu wa Uvira. Alipoiona alama ya FN dukani alisema aliitambua kabla hata ya kusoma bei, maana silaha za kiwanda hicho zilijaa Kongo tangu enzi ya Wabelgiji. Alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, na leo ni raia. Niliwahi kumuuliza kwa nini mtu aliyekimbia milio ya bunduki atake kumiliki moja. Alinijibu kwamba kule alikuwa anaisikia tu, hapa anataka kuijua. Sikuuliza tena.

Ili kuelewa kilichokuwa kinamsumbua, inabidi kujua bastola hii ilizaliwa vipi. John Moses Browning aliianza akiwa mzee, na alifariki hapohapo kiwandani Herstal tarehe 26 Novemba 1926 kazi ikiwa haijakamilika. Dieudonné Saive, Mbelgiji, ndiye aliyeichukua, na mwaka 1935 ikatoka ikiwa na magazini ya risasi 13 za milimita 9, idadi kubwa mno kwa wakati ule. Wabelgiji waliiita Grande Puissance, yaani nguvu kubwa. Ujerumani ilipoikalia Ubelgiji mwaka 1940 iliendelea kuitengeneza palepale kwa ajili ya jeshi lake, wakati huohuo kampuni ya Inglis kule Toronto ikiitengeneza kwa ajili ya Kanada na China. Jeshi la Uingereza lilibaki nayo hadi lilipoanza kuchukua Glock 17 mwaka 2013.

Mambo mawili ya historia hiyo yalikuwa mezani kwetu Jumamosi ile. La kwanza, jeshi la Ufaransa, ambalo ndilo lililoanza kuulizia bastola ya namna hii miaka ya 1920, lilitaka isifyatuke magazini ikiwa nje. Ndiyo maana ndani kuna kipini kidogo kinachosukumwa na uso wa magazini. Magazini isipokuwepo, triga haifanyi kazi. Wafaransa wenyewe mwishowe hawakuinunua, lakini kipini chao kikabaki. La pili, iliundwa kwa risasi za kijeshi zenye kichwa cha mviringo kilichovikwa shaba. Risasi za kisasa zenye tundu kichwani, ambazo wengi hununua kwa ajili ya ulinzi wa nyumba, zina pua pana na fupi, na mteremko wa Hi-Power za zamani una kinundu kidogo ambacho pua ya namna hiyo hugonga ikasimama. Kiwanda kilirekebisha hilo baadaye, toleo la Mark II lilipoingia miaka ya 1980.

Kwa hiyo alipoorodhesha kuchonga mteremko, shemeji hakuwa amebahatisha ovyo. Kosa lake ni kwamba alikuwa na jibu kabla hajahesabu.

Tukaenda uwanja wa shabaha na daftari. Nilimtaka asifanye lolote jipya: alete magazini zake zote tatu na risasi zilezile anazotumia siku zote. Tukatia alama kila magazini kwa kipande cha utepe, A, B na C. A ndiyo iliyokuja na bastola, ya kiwandani. B na C alizinunua kwa bei ya kutupa, hazina jina la mtengenezaji popote. Alipiga risasi 120, mimi nikaandika.

Ilikwama mara 9. Mara 6 kati ya hizo zilikuwa kwenye magazini B au C na risasi zenye tundu kichwani: pua imegonga mteremko, slaidi imesimama nusu njia. Mara 3 zilizobaki zilikuwa za namna nyingine kabisa, na hizi ndizo zilizonivutia. Risasi ilikuwa ya kichwa cha mviringo, imeingia karibu yote, lakini slaidi haikumalizia safari. Ilibaki nyuma kwa upana wa kucha. Ukiisukuma kwa kidole gumba, inafunga.

Hapa nikakosea, na nakiri waziwazi kwa sababu makosa ya namna hii hugharimu watu. Niliyaona maganda yanaruka ovyo, mengine mbali sana, mengine karibu na mguu, nikasema tatizo ni ile kucha ya chuma inayovuta ganda kutoka chemba. Nikamwagizisha mpya, dola 40. Ilipofika tukailinganisha na ya zamani, na ya zamani haikuwa na kasoro yoyote, ncha yake kali kama ya jana. Dola 40 zilipotea kwa sababu niliruka hatua. Nilipaswa kuanza na kitu cha bei rahisi kuliko vyote ndani ya bastola, na kinachochoka kabla ya vyote.

Springi ya kurudishia slaidi. Tuliitoa, tukaagiza mpya ya nguvu ya kawaida ya Hi-Power, ratili 17, kwa dola 9. Tulipozilaza sambamba juu ya taulo hatukuhitaji kipimo. Ya zamani ilikuwa fupi kwa zaidi ya upana wa kidole, na katikati mizunguko yake ilikuwa imejikunja upande mmoja kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Huenda ni ileile ya mwaka 1971. Springi iliyochoka haina nguvu ya kuipandisha risasi, kuiingiza chemba na kufunga slaidi, yote kwa pigo moja. Tena hairuhusu slaidi kurudi nyuma kwa utaratibu. Slaidi inagonga fremu kwa nguvu kila mlio, na hapo ndipo fremu za zamani huanza kupata nyufa. Nikaipitisha lenzi ya kukuzia kwenye fremu yote, hasa pale panapopita kipini cha kuzuia slaidi. Ilikuwa salama. Nilishusha pumzi.

Springi ya nyundo, ya ratili 32, nayo tulibadilisha, maana ukishafungua kwa ajili ya moja huna sababu ya kuiacha nyingine. Hiyo kazi tulimpa fundi mwenye leseni. Magazini B na C ziliwekwa kando, akanunua mbili za Mec-Gar, Waitaliano ambao kwa miaka mingi wameitengenezea kampuni ya Browning yenyewe magazini.

Tukarudi na daftari lilelile. Risasi 200 za kichwa cha mviringo: haikukwama hata mara moja. Risasi 50 zenye tundu kichwani: ilikwama mara 2.

Nenda nayo hiyo tofauti polepole. Kutoka mara 9 kati ya 120 hadi mara 2 kati ya 250, na sifuri kwa risasi za kichwa cha mviringo, na hakuna tupa wala mashine iliyogusa chuma. Karatasi ya dola 1,350 haikuwa na springi hata moja. Simlaumu fundi yule; aliulizwa bei ya kukata, akatoa bei ya kukata.

Zilibaki zile 2, na hapa Hi-Power ina fadhila moja ambayo wengi hawaijui. Kwenye Colt 1911, sehemu ya mteremko imo ndani ya fremu, na fremu ndiyo yenye namba, ndiyo bastola mbele ya sheria. Ukiichonga vibaya, umeiharibu bastola. Kwenye Hi-Power mteremko wote ni sehemu ya mtutu. Mtutu unatoka, mwingine unaingia. Kwa hiyo anayetaka kutumia risasi zenye tundu kichwani anaweza kutafuta mtutu wa pili wenye mteremko wa toleo la baadaye, fundi akaupima na kuuketisha, na ule wa 1971 ukafungwa kwenye kitambaa chenye mafuta hadi siku utakapohitajika. Hakuna kilichopotea. Nilipomwonyesha hili kwa kuvitenganisha vipande mbele yake, alikaa kimya akigeuza mtutu mkononi, kisha akaichukua ile karatasi yake na kufuta mstari wa pili mwenyewe kwa kalamu.

Mistari mingine ilihitaji mabishano.

Kuhusu alama za kulengea, malalamiko yake yalikuwa ya haki. Za zamani ni ndogo: mbele kijinundu cha nusu duara, nyuma mfereji mwembamba, na macho ya mtu wa miaka 52 hayaoni kitu hapo chini ya taa za ndani. Tatizo ni kwamba kile kijinundu cha mbele kimepigiliwa kwenye slaidi, na ili kuweka kingine cha kisasa inabidi slaidi ikatwe mfereji kwa mashine. Nimekata mifereji ya namna hiyo kwenye vyuma vingi na najua uzuri wake ikikatwa sawa. Najua pia kwamba haifutiki. Nikamwambia tujaribu kitu kabla. Dada yangu, yaani mke wake kwa desturi yetu ya kuitana, ana rangi ya kucha ya chungwa inayowaka. Tulisafisha kijinundu kwa spiriti, tukapaka nyeupe kwanza ikauka, halafu chungwa juu yake, tabaka mbili nyembamba kwa kijiti cha meno. Kwa mita 15 alisema anaona "taa". Inatoka kwa pamba na asetoni dakika yoyote atakayotaka. Bado anasema siku moja atakata slaidi, na ni haki yake. Angalau sasa atakata kwa sababu anajua anachokosa.

Nyundo kubana mkono lilikuwa jambo la maumivu halisi. Ana kovu kati ya kidole gumba na cha shahada. Mikono yake mikubwa hupanda juu sana kwenye mshikio, nyundo ikirudi nyuma inakamata ngozi. Kuchomelea mkia kwenye fremu ni kazi inayofanywa, na mafundi hodari huifanya ikapendeza, lakini moto wa kuchomelea kwenye fremu ya miaka hamsini na ushee unataka mkono unaoujua, na baada ya hapo lazima rangi yote iondolewe na kupakwa upya. Njia ya kati ni nyundo nyingine iliyopunguzwa nyuma. Hiyo si ya kuweka mwenyewe jikoni, maana nyundo na kile kidoko kinachoishikilia lazima zikae sawa kabisa, la sivyo bastola inaweza kufyatuka bila kuguswa. Fundi mwenye leseni aliiweka na kuipima, dola 140 na kipuri chenyewe. Nyundo ya mviringo ya 1971 ikarudi nyumbani kwenye bahasha.

Nikeli tuliigombania kweli. Aliipenda ile ing'arayo. Nilimweleza kwamba kabla ya kupaka, bastola lazima isuguliwe kwa gurudumu, na gurudumu halichagui. Linakula kona, linakula ukingo wa herufi za "Made in Belgium", linakula alama za wakaguzi wa Liège ambazo ndizo cheti chake cha kuzaliwa. Wanaokusanya silaha hizi hulipa kwa ajili ya rangi ya mwanzo hata ikiwa imechakaa. Baada ya nikeli angekuwa ametumia dola 2,300 kwenye kitu ambacho sokoni kingerudi chini ya alichonunulia. Kuna na suala la sheria. Sheria ya shirikisho la Marekani huihesabu silaha iliyotimiza miaka 50, ikiwa katika hali yake ya asili, kuwa kitu cha mkusanyaji, na mwenye leseni ya ukusanyaji ana urahisi fulani wa kuipata hata kutoka jimbo jingine. Bastola hii iliingia kundi hilo mwaka 2021. Mabadiliko madogo hayaitoi, lakini ukishaibadili umbo, mnunuzi wa kesho ana haki ya kukuuliza maswali.

Sefti ya magazini niligoma kabisa, na sijutii. Ni kweli kipini kile kinafanya triga iwe nzito na yenye kukwaruza, kwa sababu kinasugua uso wa magazini kila unapovuta. Ni kweli wengi hukiondoa. Lakini shemeji ana watoto 3 nyumbani, na mafundi wengi hukataa kuondoa kifaa cha usalama cha kiwandani kwa kuogopa mahakama, na wana sababu. Tulichofanya ni kung'arisha uso wa magazini mpya kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, pale tu kipini kinapogusa. Ukwaruzaji ulipungua sana. Ule mstari mwembamba unaong'aa kwenye magazini unaonekana ukiiinamisha kwenye mwanga.

Na kwa kuwa nimetaja watoto: Texas ni kosa la jinai mtoto aliye chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi kwa sababu wewe uliiacha ovyo kwa uzembe. Alinunua sanduku la chuma la kufuli siku ileile tuliyonunua springi. Wasomaji wengine wawe makini na jambo la karatasi zao. Mwenye kadi ya kijani anaweza kumiliki, lakini aliye hapa kwa viza ya muda, kama wanafunzi wengi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na asijitokeze mtu na wazo la kumpelekea mzee nyumbani kama zawadi. Kuitoa Marekani kunahitaji kibali, na Kenya, Tanzania na Kongo kila moja ina vibali vyake. Kuikuta kwenye begi uwanja wa ndege ni kesi, haijalishi ni nzuri kiasi gani.

Hesabu ya mwisho, mbali na risasi na sanduku la kufuli: springi ya slaidi dola 9, springi ya nyundo na kazi yake 45, magazini mbili 70, nyundo 140, ile kucha ya kuvutia ganda ambayo haikuhitajika 40, rangi ya kucha bure. Dola 304. Mtutu wa pili bado anautafuta, hana haraka.

Jumamosi iliyopita nilimkuta uwanjani kabla yangu. Daftari lilikuwa wazi pembeni, ameongeza safu ambayo sikumfundisha: tarehe springi iliyowekwa, na idadi ya risasi tangu siku hiyo. Ilikuwa 640. Kwenye sanduku lake kuna mfuko wa plastiki wenye nyundo ya zamani, kila kitu kimeandikwa kwa mwandiko wake wa Kifaransa na Kiswahili vikichanganyika. Springi ya zamani haimo humo. Ameniachia mimi, nimeitundika kwenye msumari juu ya mashine yangu ya kukereza, na anayekuja kuniuliza bei ya kuchonga bastola huwa naanza kwa kumpa aishike.